Mwanafunzi Mbele ya Mkutano wa Kijiji: Malezi ya Watafiti Chipukizi Mkoani Mara

Mnamo Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya chama cha TANU ilikutana mjini Musoma na kupitisha maamuzi yaliyokuja kujulikana kama Azimio la Musoma, ambalo wengi hulikumbuka kwa lengo lake la kumpatia kila mtoto wa Tanzania elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977. Upande wa pili wa azimio hilo, usiotajwa mara nyingi siku hizi, ulihusu chuo kikuu: kijana aliyemaliza kidato cha sita hakuruhusiwa tena kupita moja kwa moja kwenda Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, bali alitakiwa kwanza amalize Jeshi la Kujenga Taifa, afanye kazi kwa muda usiopungua miaka miwili, kisha alete maoni ya mwajiri wake na ya chama kuhusu mwenendo wake. Ilidhaniwa kwamba msomi asiyewahi kuishi na kufanya kazi miongoni mwa watu hawezi kuwa mtumishi wao. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro zake, kwani idadi ya wanawake waliojiunga na chuo ilishuka hadi ikabidi wao wasamehewe sharti hilo baada ya muda mfupi, na hatimaye uliachwa kabisa. Hata hivyo swali lililoulizwa Musoma halijapata jibu, na leo linawagusa zaidi wanafunzi wa shahada za uzamili na uzamivu, ambao huingia vijijini wakiwa na dodoso mkononi na muda mfupi mbele yao.

Utafiti shirikishi, ambao vyuoni huitwa pia utafiti kwa ubia na jamii, ni ule ambao wanaochunguzwa wana sauti katika kuchagua swali, kukusanya taarifa, kufasiri matokeo na kuamua yatatumikaje. Wasomaji wengi huudhania kuwa wazo lililoletwa na wafadhili wa miaka ya karibuni, kumbe sehemu kubwa ya historia yake ni ya Tanzania. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Budd Hall, mmoja wa watu waliolieneza jina hilo duniani, alikuwa akifanya kazi katika Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima jijini Dar es Salaam, na katika miaka hiyo hiyo Marja-Liisa Swantz, mwanaanthropolojia kutoka Finland, alikuwa akiwatoa wanafunzi madarasani na kwenda nao vijijini ili wajifunze kwa kushiriki kazi na mazungumzo ya wenyeji. Kuanzia 1975 hadi 1979 Swantz na wenzake, Watanzania kwa Wafini, waliendesha mradi ulioitwa Jipemoyo magharibi mwa Bagamoyo, ambako wakulima na wafugaji walichukuliwa kuwa watafiti wa matatizo yao wenyewe. Hayo yalifanyika katika nchi iliyokuwa imetangaza Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na ambayo mwaka 1973 iliwaketisha watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya redio vya kampeni ya Mtu ni Afya. Aliyekuwa akiiongoza nchi hiyo, Mwalimu Nyerere, alitoka Butiama mkoani Mara, na ni jambo la kushangaza kidogo kwamba mwanafunzi wa leo hufundishwa utafiti shirikishi kwa vitabu vya ng'ambo pasipo kuambiwa kwamba mbegu yake moja ilipandwa kwao.

Mkoa wa Mara, ambao sensa ya 2022 iliukuta na watu zaidi ya milioni 2.3, huwavutia watafiti kwa sababu zinazoeleweka. Musoma kuna wavuvi wa dagaa na sangara, Bunda kuna wakulima wa pamba na vijiji vinavyopakana na mapori yanayoungana na Serengeti, ambako tembo huvamia mashamba, na katika Wilaya ya Butiama kuna wachimbaji wa dhahabu wa Buhemba pamoja na wakulima wa muhogo na mtama. Ili afike huko mwanafunzi hupitia mlolongo mrefu wa vibali. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, maarufu kama COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, ndiyo inayosimamia vibali vya utafiti nchini. Utafiti unaohusu afya za watu hupita pia mikononi mwa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, yaani NIMR, na ule wa wanyamapori hupita Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, yaani TAWIRI. Mwanafunzi wa chuo cha ndani kwa kawaida hutembea na barua ya utambulisho ya makamu mkuu wa chuo, naye akifika Musoma huiwasilisha kwa Katibu Tawala wa Mkoa, halafu wilayani, halafu kwa mkurugenzi wa halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, na mwisho kwa mwenyekiti wa kitongoji, ambaye ndiye huongozana naye hadi kwenye nyumba za watu.

Mlolongo huo una maana yake, kwa kuwa huwalinda wananchi dhidi ya wadadisi wasiojulikana, lakini mwanafunzi asiyefundishwa vizuri huchukulia kwamba akishagongewa muhuri wa mwisho basi amekwisha kupata ridhaa ya jamii. Muhuri unashuka kutoka juu, ilhali ridhaa hutoka kwa mtu mwenyewe. Fomu ya ridhaa, ambayo ni karatasi inayomweleza mhojiwa kwamba yuko huru kukataa au kuacha wakati wowote, husomwa mbele ya mkulima aliyeletewa mgeni na mwenyekiti wake wa kitongoji, kiongozi yule yule ambaye kesho atamhitaji kwa barua ya kumdhamini au kwa usuluhishi wa mpaka wa shamba; kukataa kwa mtu huyo ni jambo gumu hata kama karatasi inasema ni rahisi. Katika vijiji vya jirani na hifadhi ugumu huzidi, maana anayeuliza habari za kitoweo hushukiwa kutumwa na askari wa wanyamapori, na anayeuliza idadi ya ng'ombe hushukiwa kutafuta kodi. Sheria za serikali za mitaa zimeweka mahali panapofaa zaidi pa kuanzia, nao ni mkutano mkuu wa kijiji, unaomjumuisha kila mkazi aliyetimiza miaka 18, ambako mtafiti anaweza kusimama, kujieleza kwa Kiswahili cha kawaida, kuulizwa maswali na, ikibidi, kukataliwa mchana kweupe. Namna ya kusimama katika mkutano huo, kusikiliza bila kujitetea, na kukubali kubadilishiwa swali la utafiti, ni ujuzi unaofundishika kama ujuzi mwingine wowote, ila kozi nyingi za mbinu za utafiti huupitia kwa sentensi mbili kisha zikarudi kwenye ukokotoaji wa ukubwa wa sampuli.

Ugumu wa pili umo ndani ya dodoso lenyewe, na hapa Mara ina mengi ya kumfundisha mwanafunzi. Chukua neno kaya, ambalo watakwimu hulitumia kwa maana ya watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Katika mji wa mzee mwenye wake watatu, kila mke ana nyumba yake, jiko lake na akiba yake ya chakula, lakini zizi la ng'ombe ni moja na maamuzi ya kuuza mnyama ni ya mmoja. Kwa hesabu ya vyungu kuna kaya tatu, kwa hesabu ya zizi kuna moja, na mtafiti wa lishe na mtafiti wa mifugo wanaopita mji huo huo wataondoka na majibu mawili yasiyopatana. Kuna pia nyumba ntobhu, desturi inayojulikana miongoni mwa Wakurya na makabila mengine ya mkoa huu, ambayo kwayo mwanamke mtu mzima, mara nyingi asiye na mtoto wa kiume, hutoa mahari na kumwoa mwanamke mwingine ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake na warithi mali yake. Dodoso linalouliza jina la mume, jinsia ya mkuu wa kaya na uhusiano wa kila mtoto na baba yake halina kisanduku cha nyumba ya namna hiyo. Msaidizi wa utafiti anayelipwa kwa idadi ya fomu alizojaza ataweka tiki mahali panapokaribiana na ukweli, kompyuta itaipokea, na jedwali litakalotokea kwenye tasnifu litakuwa safi kabisa na lenye makosa.

Dawa yake inajulikana, nayo haihitaji fedha nyingi: kabla ya dodoso kuchapwa, mwanafunzi huketi na watu wa eneo husika, wanawake na vijana wakiwamo na si wazee wa baraza peke yao, akalisoma swali baada ya swali na kuuliza jirani angeelewa nini akiulizwa hivyo. Wasaidizi wa utafiti, ambao huwa vijana wa hapo hapo wanaogeuza maswali ya Kiswahili kuwa Kizanaki, Kijita, Kiikizu au Kikurya papo kwa papo, ndio wenye jibu la matatizo mengi ya aina hii, na ni ajabu kwamba watu wanaobeba maana ya utafiti mzima huonekana mara moja tu, katika ukurasa wa shukrani, baada ya msimamizi na kabla ya wazazi.

Mfano wa Mara unaoonyesha vizuri jinsi wanafunzi wanavyoweza kulelewa ndani ya ubia wa kweli umetokana na mbwa. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi ujulikanao kama distempa uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, wapatao 1,000, na macho ya wanasayansi yakageukia mbwa wafugwao katika vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Daktari wa mifugo Sarah Cleaveland alifanya utafiti wake wa uzamivu juu ya magonjwa ya mbwa hao katika miaka hiyo, na kwa wanavijiji swali lenye uzito halikuwa simba bali kichaa cha mbwa, ambacho dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu karibu kila mara huishia katika kifo. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2002 yaliweka vifo vya kichaa cha mbwa Tanzania kuwa karibu 1,500 kwa mwaka, idadi kubwa kuliko ile iliyokuwa ikiandikwa katika taarifa rasmi, kwa sababu wengi hufia nyumbani.

Miaka michache baadaye mwanafunzi mwingine wa uzamivu, Katie Hampson wa Chuo Kikuu cha Princeton, alifanya kazi ambayo isingewezekana bila kumbukumbu za wanavijiji. Kila mtu aliyeandikwa kituo cha afya kwa kung'atwa alifuatwa nyumbani, akaulizwa ni mbwa gani, wa nani, alitokea wapi na kabla ya hapo alimng'ata nani. Kisha timu ikaenda kwenye nyumba iliyotajwa na kuuliza tena, nyumba hadi nyumba, mpaka mnyororo wa maambukizo ukachoreka kwenye ramani za Wilaya ya Serengeti mkoani Mara na Wilaya ya Ngorongoro mkoani Arusha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza, kwa wastani, mbwa mwingine mmoja na kitu kidogo, kiwango cha chini kinachomaanisha kwamba ugonjwa unaweza kukomeshwa ikiwa sehemu ya kutosha ya mbwa itachanjwa. Shirika la Afya Duniani limekuwa likipendekeza asilimia 70. Hakuna maabara ambayo ingetoa takwimu hizo. Zilikuwa vichwani mwa watu wanaomjua kila mbwa wa jirani kwa rangi na kwa tabia.

Hatua iliyofuata inafundisha zaidi, maana ilianzia kwenye kushindwa. Kampeni za chanjo zilizofanyika mara moja kwa mwaka, timu ikija na gari na majokofu kisha ikaondoka, ziliwakosa mbwa ambao wamiliki wao walikuwa shambani au mnadani siku hiyo, na watoto wa mbwa waliozaliwa baada ya gari kuondoka walikaa miezi bila kinga. Ili chanjo ikae kijijini mwaka mzima ilibidi ivumilie joto mahali pasipo umeme, na mwaka 2016 watafiti walithibitisha kwamba aina moja ya chanjo hiyo hubaki na nguvu hata ikihifadhiwa kwa miezi 6 katika nyuzijoto 25 au miezi 3 katika nyuzijoto 30. Kisha mtafiti Mtanzania Ahmed Lugelo na wenzake, akiwamo Rudovick Kazwala wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wakaeleza mwaka 2020 kifaa cha kupooza kinachotengenezwa kwa malighafi za hapa hapa, chungu ndani ya chungu na mchanga uliolowanishwa katikati, ambacho maji yake yanapokauka huondoa joto. Kila mama aliyewahi kuweka maji ya kunywa mtungini anaifahamu kanuni hiyo. Kazi ya watafiti ilikuwa kuipima kwa kipimajoto na kuthibitisha kwamba inatosha. Kwa msingi huo jaribio kubwa likafanyika katika kata za Mkoa wa Mara, kulinganisha chanjo inayoletwa na timu ya kupita na ile inayotunzwa na kutolewa na afisa mifugo wa kata akisaidiwa na wakazi wa vijiji.

Isisahaulike kwamba kazi hiyo imechukua takriban miaka 30 na imebebwa na taasisi kadhaa, zikiwamo Chuo Kikuu cha Glasgow, Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, Taasisi ya Afya ya Ifakara na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha. Mwanafunzi wa uzamili mwenye miezi sita ya kukusanya taarifa hawezi kujenga ubia wa namna hiyo peke yake, na kumtaka afanye hivyo ni kumwonea. Anachoweza ni kuingia katika ubia uliokwisha kuwepo, akakuta watu wanaoijua taasisi yake, ahadi zilizotolewa na waliomtangulia, na pengine madeni waliyoyaacha. Kwa hiyo ubia ni mali ya idara na unapaswa kutunzwa na idara, ukiwa na daftari la nani aliahidi nini katika kijiji gani.

Wanahistoria nao wana funzo lao, lililopatikana Mara hiyo hiyo. Jan Bender Shetler, aliyewahi kuishi mkoani humo, alitetea tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Florida mwaka 1998 juu ya kumbukumbu na utambulisho wa watu wa magharibi mwa Serengeti, akitegemea masimulizi ya wazee. Akiwa Mara alikutana na jambo ambalo mitaala haimwandalii mwanafunzi: wenyeji walikuwa wameandika historia zao wenyewe, kama muswada wa Historia ya Ikizu na Sizaki wa P. M. Mturi na S. Sasora, unaohusu jamii za Bunda. Mwaka 2003 maandiko ya namna hiyo yalichapishwa katika kitabu kiitwacho Telling Our Own Stories, yaani kusimulia hadithi zetu wenyewe, nao walioyaandika wakatajwa kwa majina yao. Mzee ambaye katika tasnifu nyingi angeitwa mtoa habari, au angefichwa chini ya tarakimu, alisomwa kama mwandishi. Kanuni ya kuficha majina, ambayo ni ngao ya lazima kwa mgonjwa au kwa anayehojiwa kuhusu uwindaji haramu, inaweza kuwa wizi wa heshima kwa mwenye elimu yake, na mwanafunzi anahitaji kufundishwa kutambua ni lini inalinda na ni lini inapora.

Suala la fedha husemwa kwa minong'ono, ingawa ndilo linaloharibu uhusiano haraka. Mavuno ya pamba hayamsubiri mtafiti, na mvuvi wa dagaa aliyekesha ziwani huhojiwa asubuhi akiwa amechoka. Posho ndogo au nauli ni fidia ya muda wake, lakini viwango vinavyotofautiana kati ya mradi wenye mfadhili na mwanafunzi anayejilipia huleta malalamiko ambayo huishia kwa mtendaji wa kijiji. Mahali pengine wamejaribu kuyatengenezea mambo haya utaratibu. Kilifi, pwani ya Kenya, ambako programu ya utafiti wa afya ya KEMRI na Wellcome Trust imekuwepo tangu 1989, kuna wawakilishi wanaochaguliwa na wananchi ambao hukutana na watafiti mara kwa mara, huuliza maswali na hupeleka manung'uniko. Afrika Kusini Wasani walitangaza mwaka 2017 kanuni zao za maadili kwa kila anayetaka kuwachunguza. Kijiji cha Bunda chenye kanuni zake za ukurasa mmoja, zikitaja posho, matumizi ya picha na tarehe ya kupata majibu, kingemfundisha mwanafunzi mambo ambayo semina ya wiki nzima hushindwa kuyafikisha.

Linalolalamikiwa kuliko yote ni mrejesho, yaani kurudishwa kwa matokeo kwa waliotoa taarifa. Watu wanakumbuka kuulizwa na kupimwa, lakini hawakumbuki kuambiwa kilichopatikana. Mwanafunzi hana sababu ya kurudi, kwa kuwa tasnifu husahihishwa na mtahini wa ndani na wa nje, vyuo vingi hudai makala kwenye jarida kabla ya shahada ya uzamivu kutolewa, na hakuna alama hata moja inayotegemea kwamba wakazi wa kitongoji alichokaa walielezwa matokeo kwa lugha yao na kupewa nafasi ya kuyabishia. Ubishi huo si adabu tu. Mwanakijiji anayesema kwamba hesabu ya mifugo iliyoandikwa haiwezekani, au kwamba samaki walipungua mwaka ule kwa sababu nyingine, anafanya kazi ile ile ya mtahini, tena akiwa na ushahidi ambao mtahini hana.

Butiama sasa kuna chuo kikuu cha umma cha kilimo na teknolojia chenye jina la Mwalimu Nyerere, kimojawapo cha vyuo vinavyojengewa uwezo kupitia mradi wa elimu ya juu uitwao HEET, uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola za Marekani milioni 425 ulioanza mwaka 2021. Kwa chuo kilichoko mbali, kurudi kijijini ni bajeti ya magari, mafuta na malazi, ambayo huwa ya kwanza kukatwa fedha zikipungua. Kwa mwanafunzi atakayesoma Butiama akichunguza ugonjwa wa muhogo wa jirani au masoko ya dagaa wa Musoma, ni nauli ya basi. Kisheria mkutano mkuu wa kijiji hukaa angalau mara moja kila baada ya miezi mitatu, kwa hiyo shahada ya uzamili ya miaka miwili huwa na mikutano minane: wa kwanza unatosha kuomba ruhusa, wa pili kujadili maswali, wa mwisho kupeleka majibu, na katikati yake kuna mitano ambayo mwanafunzi anaweza kwenda kuketi kwenye benchi la nyuma, asiwe na ajenda yoyote, akasikiliza watu wakigombana juu ya kisima.